Ini la Mbwa Mdogo na Ghala ya Nyumbani

Somo hili limeandikwa kwa masheha, walimu na wasomaji wote wa mashamba. Latoa habari za maradhi ya ini yanayompata mbwa, hasa mbwa aliye mdogo wa mwili, na njia za kumtibu. Huenda msomaji akauliza: Ini la mbwa lina thamani gani hata liandikiwe somo zima, na hali sisi tuna watoto, ng'ombe, mikarafuu na mpunga wa kuangalia? Jibu lake ni hili. Mbwa wa nyumbani hula makombo ya watu, na hula nafaka itokayo katika ghala ile ile walishwayo watoto. Nafaka ikiwa na sumu, mara nyingi ini la mbwa ndilo liharibikalo kwanza. Basi ajuaye kumtazama mbwa wake hujua pia kuitazama nyumba yake.

Mbwa katika Kisiwa cha Pemba

Katika Pemba mbwa hafugwi kwa fahari, bali kwa kazi. Hulinda mihogo, ndizi na mahindi yasiharibiwe na tumbili, na huwafuata wawindaji wanaofukuza nguruwe mwitu mashambani. Twajua ya kuwa wenyeji wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na ya kuwa katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba ameruhusiwa; na kila mtoto wa chuoni amesikia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Kwa hiyo kumtibu mbwa aliyetutumikia si jambo la aibu. Mwenye kumshika mbwa mgonjwa na avae glavu, maana hata daktari huzivaa kwa sababu nyingine tutakayoieleza mbele.

Kazi ya Ini

Ini limelala ndani ya tumbo, nyuma ya kiwambo cha kifua, nalo limefunikwa na mbavu. Mfano wake ni forodha. Kila kitu kinacholiwa na kuyeyuka matumboni, kiwe chakula, dawa au sumu, huchukuliwa na damu katika mshipa mkubwa hata kwenye ini, na huko hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kuingia mwilini. Kazi zake kubwa ni nne. Kwanza, huweka akiba ya sukari na kuitoa kidogo kidogo wakati wa njaa. Pili, hutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na vitu vinavyozuia maji ya damu yasivuje nje ya mishipa. Tatu, hutengeneza nyongo, ambayo husaidia kuyeyusha mafuta na kuchukua nje rangi ya manjano itokayo katika damu kuukuu. Nne, huvunja sumu, pamoja na amonia inayotoka matumboni chakula cha nyama kinapoyeyushwa.

Ini lina sifa moja isiyopatikana katika viungo vingine vikubwa vya mwili: hata likikatwa sehemu mbili katika tatu, sehemu iliyosalia yaweza kukua na kufanya kazi yote. Sifa hiyo ni rehema, lakini pia ni hatari. Ni rehema kwa sababu mgonjwa aliyeondolewa sumu mapema aweza kupona kabisa. Ni hatari kwa sababu mnyama huendelea kula na kucheza hali ini lake linaharibika. Na siku dalili zinapoonekana, sehemu kubwa yake imekwisha kufa.

Dalili

Akumbukaye zile kazi nne hatapata taabu kuzikumbuka dalili, maana kila kazi ikisimama huacha alama yake. Akiba ya sukari ikiisha, mbwa hulegea, hutetemeka na kuanguka. Vitu vya kugandisha damu vikipungua, ufizi hutoka damu, na choo huwa cheusi kama lami. Na maji ya damu yakivuja, tumbo hujaa maji likaning'inia. Nyongo ikizuilika, weupe wa macho na ufizi hugeuka manjano, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Sumu zisipovunjwa, hupanda kichwani, na mbwa huduwaa, huzunguka mahali pamoja, hubonyeza kichwa ukutani, au hutokwa na mate. Juu ya hayo yote hukataa chakula, hutapika, hunywa maji mengi na kukonda.

Hapa pana onyo. Kuduwaa na kutokwa na mate ni dalili za kichaa cha mbwa pia. Mbwa mwenye dalili hizo asishikwe kwa mikono mitupu wala asifunguliwe kinywa, bali afungiwe mahali pamoja, akaitwe afisa wa mifugo. Na mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayomiminika na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Watu wa Pemba wanayajua maradhi hayo. Kwa kuwachanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka walikuwa wameyamaliza kufikia mwezi wa Mei 2014. Uchanjaji ukalegea, na mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingia tena kisiwani. Wakachanja upya, na mwezi wa Oktoba 2018 yakamalizika mara ya pili. Kuzuia kulegezwapo, adui hurudi kwa mlango ule ule.

Sababu za Maradhi

Ya kwanza ni virusi. Katika mwaka 1947 mtaalamu wa Uswidi aitwaye Sven Rubarth aliyaeleza vizuri maradhi ya ini yanayoambukizana kati ya mbwa na mbwa. Huwaua zaidi watoto wa mbwa, na anayepona huenda jicho lake likawa na utando wa buluu. Hayana dawa ya kuyaua, lakini yana chanjo nzuri. Binadamu hapati maradhi hayo.

Ya pili ni vijidudu vinavyotoka katika mkojo wa panya, maradhi yaitwayo leptospirosi. Hukaa katika maji yaliyotuama na udongo wa unyevu, kama ule wa mabonde ya mpunga, na huingia mwilini kwa mikwaruzo ya ngozi. Huharibu ini na figo pamoja. Haya humpata mwanadamu pia, naye aweza kuyapata kwa kushika mkojo wa mbwa mgonjwa. Hii ndiyo sababu ya pili ya kuvaa glavu.

Ya tatu ni sumu. Ziko mbegu za mtapo. Iko dawa ya maumivu iitwayo paracetamol, ambayo mtu humpa mbwa wake kwa huruma, naye asijue kwamba anamwua. Na juu ya zote iko nafaka, karanga au mbata iliyoota ukungu.

Ya nne ni kasoro ya kuzaliwa, ambayo huonekana mara nyingi zaidi katika mbwa wadogo wa asili ya Ulaya, kama wale waitwao Yorkshire Terrier. Mshipa uliopasa kupeleka damu kwenye ini hupata njia ya mkato, na damu hupita bila kukaguliwa, kama jahazi linaloshusha mizigo usiku katika kijibandari cha magendo. Mbwa huyo hudumaa, na hulewa baada ya kula nyama.

Ya tano ni uvimbe wa ini wa siku nyingi, ambao pengine hutokana na mwili kujipiga wenyewe, pengine na madini ya shaba kujikusanya ndani ya ini.

Matibabu

Mwenye mbwa humwendea daktari akasema, "Daktari, nipe dawa ya ini." Daktari hujibu, "Mzee wangu, kwanza niambie amekula nini." Si kwamba daktari anakwepa kazi. Hakuna dawa moja ya ini, kwa kuwa hakuna ugonjwa mmoja wa ini. Hupima damu, na panapo vyombo hulitazama ini kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Tena pengine hukata kipande kidogo cha ini kwa sindano ili kichunguzwe. Lakini popote alipo, mjini au shambani, huanza na lile swali.

Tiba ya kwanza, basi, ni kuondoa sababu. Chakula chenye mashaka kikomeshwe saa ile ile. Ikiwa sumu imeliwa muda mfupi uliopita, daktari aweza kumtapisha mbwa au kumpa makaa ya dawa. Mtu asimtapishe nyumbani kwa kumnywesha maji ya chumvi, maana chumvi yenyewe yaweza kumwua.

Tiba ya pili ni kuushikilia mwili wakati ini linapojijenga. Mgonjwa hutiwa maji kwa dripu, pamoja na sukari. Akitoka damu hupewa vitamini K, na pengine damu ya mbwa mwenziwe. Sumu zikipanda kichwani hupewa laktulosi, ambayo ni sharubati ya kuzuia amonia matumboni, pamoja na dawa ya kupunguza bakteria wanaoitengeneza. Tumbo likijaa maji hupewa spironolaktoni, dawa ya kuyatoa kwa njia ya mkojo, na chumvi hukatazwa.

Tiba ya tatu ni ile ya sababu yenyewe. Leptospirosi hutibiwa kwa penisilini, kisha doksisiklini. Sumu ya paracetamol ina kinza chake, asetilisisteini, ambacho hufaa zaidi kikitolewa mapema katika saa za mwanzo. Uvimbe wa mwili kujipiga wenyewe hutulizwa kwa prednisoloni. Lakini dawa hiyo ikitolewa kwa kubahatisha, na kumbe mgonjwa ana vijidudu, huvipa vijidudu nguvu. Shaba hutolewa kwa penisilamini. Mshipa wa njia ya mkato huzibwa polepole kwa upasuaji. Na pasipo mpasuaji, mbwa wengine huishi miaka kwa chakula cha mpango na laktulosi. Ziko pia dawa za kulisaidia ini, kama silimarini na vitamini E. Nazo ni wasaidizi tu, hazishiki mahali pa tiba yenyewe.

Kwa mbwa mdogo yapo mambo mawili ya kuangalia zaidi. Kwanza ni kipimo. Dawa hupimwa kwa uzani wa mwili, na kidonge cha mtu wa kilo 60 kikipewa mbwa wa kilo 5 ni sawa na mtu huyo kumeza vidonge 12 kwa mara moja. Pili ni sukari. Akiba yake ni ndogo, na akishinda siku nzima bila kula aweza kuzimia. Akilegea njiani kwenda kwa daktari, pakaza asali kidogo katika ufizi wake; usimimine kitu kooni mwake, kisije kikaingia mapafuni.

Chakula cha mgonjwa kiwe laini, kipya na kidogo, mara nne au tano kwa siku. Wali uliopikwa ukalainika, yai lililochemshwa, mtindi na nyama kidogo ya kuku humfaa. Zamani watu walidhani kwamba kila mbwa mwenye ini bovu lazima anyimwe nyama na mayai. Sasa yajulikana ya kuwa ini halijengwi bila vyakula hivyo, navyo hupunguzwa tu kwa yule ambaye sumu zimepanda kichwani. Ng'onda na dagaa wa chumvi asipewe, wala maini ya ng'ombe, ambayo yana shaba nyingi, wala mafuta mengi.

Na ikiwa ini limekwisha kabisa, mgonjwa hawezi kunyanyuka wala kula, daktari aweza kumpa sindano ya kumlaza asiamke. Huo nao ni wema, wala si ushinde wa daktari.

Habari Mbwa Anazotuletea

Twarudi kwenye lile swali, "Amekula nini?" Katika mwaka 1952 madaktari wa wanyama wa Marekani walieleza ugonjwa wa ini uliowaua mbwa, wasijue sababu yake, wakauita kwa herufi X. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Wataalamu walipoyachunguza wakakuta sumu inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kisha mbwa walipojaribiwa kwa sumu hiyo, wakapata ugonjwa ule ule wa herufi X. Sumu hiyo ndiyo tunayoiita sasa sumukuvu.

Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, watu walikula mahindi yaliyoharibika. Kabla ya wao kuugua, njiwa wengi walikufa. Kisha mbwa wa vijijini wakafa kwa ugonjwa wa ini. Mwisho ikawa zamu ya watu. Wagonjwa 20 waliingizwa hospitali, na 12 wakafariki. Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa na njiwa na mbwa, lakini hapakuwa na aliyejua kulisoma. Mwaka 2004 msiba ukarudi nchini humo: wagonjwa 317, na 125 katika hao wakafa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Tanzania bara, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Haiui kwa haraka tu. Mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka huwa katika hatari ya saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo sheria imeweka kipimo: katika nchi za Afrika Mashariki nafaka ya kuliwa na watu isizidi sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu milioni elfu.

Kuitunza Ghala

Sumukuvu haionekani kwa macho, haina ladha, wala haifi kwa kupikwa. Ugali uliosongwa vizuri kwa unga wenye sumu ni ugali wenye sumu. Njia iliyo bora ni kumzuia kuvu asiote, na mtu wa Pemba hahitaji kufundishwa jambo hilo upya, maana analijua katika karafuu. Nani aliyeanika karafuu akaziacha zilale na unyevu? Huzigeuzageuza juani, huzikusanya wingu likitanda, na hazitii guniani mpaka amekivunja kikonyo kikalia. Basi mahindi, mpunga na karanga na zipate heshima ile ile.

Zianikwe juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo. Ili kujua kama mahindi yamekauka, twaa chupa kavu yenye kizibo, tia chumvi kavu kidogo pamoja na mahindi, tikisa, kisha uiache kwa dakika chache. Chumvi ikiganda katika kioo cha chupa, mahindi bado yana maji, yaanike tena. Magunia yawekwe juu ya vichaga, mbali na ukuta, na panya wazuiwe, kwa kuwa panya hutoboa gunia na tena huleta leptospirosi. Gunia lililoloa chomboni katika safari ya kutoka bara lifunguliwe na kuanikwa siku ile ile. Punje zenye ukungu, zilizopasuka au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa.

Na hapa ndipo penye desturi iliyo mbaya kuliko zote. Mama hutenga punje mbovu, husema, "Hizi si za watoto," akawamwagia kuku, au akampikia mbwa. Mbwa hufa. Ng'ombe akipewa, sumu hupita katika maziwa, nayo huwarudia watoto wale wale waliokusudiwa kukingwa. Kisichofaa kwa mtoto kwa sababu ya kuvu, kisipewe mnyama yeyote, kifukiwe.

Neno kwa Masheha na Walimu

Sheha akipata habari kwamba mbwa wawili au watatu wa mtaa mmoja wamekufa, macho yao ya manjano, asiseme ni mbwa tu. Amwite afisa wa mifugo, aulize nyumba zile zimekula nafaka gani na imenunuliwa wapi, tena awaambie wenyewe waiache mpaka ipimwe. Akisikia pia kwamba mtu ana macho ya manjano na tumbo linamwuma, ampeleke hospitali bila kungoja. Mwalimu naye aweza kufanya jaribio la chupa na chumvi mbele ya wanafunzi wake, kila mmoja akaja na konzi ya mahindi ya kwao. Yatakayoonekana yana maji, mtoto atayarudisha nyumbani pamoja na neno la mwalimu, na ghala itafunguliwa jioni ile.

Maswali ya darasani:

1. Taja kazi nne za ini, na dalili inayoonekana kila moja inaposimama.
2. Kwa nini mbwa mwenye ini bovu huonekana mzima kwa siku nyingi?
3. Daktari huuliza, "Amekula nini?" kabla ya kutoa dawa. Eleza sababu.
4. Kidonge cha mtu chawezaje kumwua mbwa wa kilo 5?
5. Katika nyumba yenu, punje zenye ukungu hupewa nani? Mwambie mzazi wako ulilojifunza leo.